Koneksheni za kazi zinajengwa kwa kutoa: mwongozo kamili wa kuanza nao

Watu wengi wanaanza kutafuta koneksheni siku mambo yameshaharibika. Mkataba umeisha, kampuni imepunguza watu, biashara imekwama, ndo mtu anafungua simu na kuanza kuwatumia meseji watu ambao hajawasalimia miaka, "mambo vipi bosi, eti huko kwenu hakuna nafasi?" Anayeipokea anaona kabisa kakumbukwa kwa sababu ya shida, na hata akiwa na moyo wa kusaidia hana pa kuanzia maana hajui tena wewe siku hizi unafanya nini na unakifanya vizuri kiasi gani.

Ninachokiamini ni hiki: uhusiano wa kazi unakomaa pale unapompa mtu kitu kidogo kinachogusa shida aliyonayo sasa hivi. Ukubwa wa unachotoa hauna uzito sana. Mtu anayehangaika kupata fundi wa kumrekebishia mfumo wa malipo, ukimpa namba ya fundi mmoja unayemwamini umemfanyia kitu kikubwa kuliko yule aliyemletea zawadi ya bei mbaya. Ila ili umpe hiyo namba lazima ujue kwanza anahangaika na nini, na hapo ndo penye kazi, kwahiyo hatua nyingi hapa chini zinahusu kujua kwanza, kutoa baadaye.

Hatua ya 1: Waandike watu unaowajua tayari

Usikimbilie watu wapya. Chukua daftari au fungua Excel, pitia majina kwenye simu, barua pepe za zamani, magrupu ya WhatsApp, LinkedIn (mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi) kama unayo, na uandike kila mtu uliyewahi kufanya naye kazi, kusoma naye, kumuuzia, kununua kwake, au kukaa naye kwenye semina mkaongea la maana. Weka safu tano tu: jina, anafanya nini, anahangaika na nini kwa sasa, mara ya mwisho mmeongea lini, na nini nimemuahidi.

Safu ya tatu itakuwa tupu kwa watu karibu wote. Usishtuke, ndo maana ya zoezi lenyewe, linakuonyesha kwamba una namba za watu ila huwajui. Na hiyo ya tano usiidharau, ahadi ndogondogo za "nitakutumia ile faili" ndo zinazoua heshima ya mtu kimyakimya kuliko makosa makubwa.

Ukishamaliza weka alama kwa wale unaoongea nao mara kwa mara na wale wa mara mojamoja. Hao wa mara mojamoja usiwafute hata kidogo. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 makala iliyokuja kuwa maarufu sana, alikuwa amewauliza watu wa mji wa Newton, Massachusetts waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Karibu asilimia 17 tu walisema wanaonana naye mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Karibu asilimia 56 walisema mara mojamoja, na asilimia 28 walisema ni nadra sana. Ukikaa ukafikiria inaingia akilini, rafiki yako wa kila siku anajua yaleyale unayoyajua wewe, mnasikia michongo ileile, lakini yule wa mbali kidogo anaishi kwenye mazingira mengine na anasikia mambo ambayo kwenu hayafiki. Mwaka 2022 watafiti walichapisha majaribio yaliyofanyika LinkedIn yakihusisha watu zaidi ya milioni 20, wakaona kitu kinachofanana na hicho, kwamba waliosaidia zaidi watu kuhama kazi ni wale wasio wa karibu sana ila pia sio wageni kabisa.

Kwenye idadi usijitese. Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, amekuwa akisema tangu miaka ya 1990 kwamba binadamu anamudu uhusiano wenye uhai na watu kama 150 hivi, na ndani yao wa karibu kabisa hawazidi 5, wanaofuata kama 15. Watafiti wengine wanabishana na hiyo 150 lakini wazo lenyewe linakutosha kwa kazi hii, huwezi kuwa karibu na kila mtu. Chagua watu 15 wa kuwaangalia kwa ukaribu, na 50 hivi wa kuwasalimia mara chache kwa mwaka.

Hatua ya 2: Jua una nini cha kutoa

Hapa vijana wengi wanakwama, hasa aliyemaliza chuo juzi, anakwambia "mimi sina kitu, nitampa nini mtu mwenye cheo?" Unacho. Una muda wa kusoma waraka wa mtu na kumuonyesha palipoandikwa vibaya. Una macho mapya, unaweza kuijaribu programu ya mtu ukamwambia ni wapi umekwama kama mtumiaji wa kawaida, na hilo wenye programu wanalitafuta sana. Umehudhuria mkutano ambao mwenzio kaukosa, mpe nukta ulizoandika. Umeona tangazo la zabuni au la mafunzo linalomhusu mtu fulani, mtumie. Unaweza kusema jina la mtu vizuri mahali ambapo mwenyewe hayupo, na hicho ni kitu ambacho kila mtu anacho na wachache sana wanakitumia.

Andika vitu sita au saba ambavyo ukiombwa leo unaweza kuvitoa ndani ya nusu saa bila kuumia. Orodha hiyo ndo akiba yako.

Hatua ya 3: Uliza, afu nyamaza

Swali la "kazi zinaendaje?" linaleta jibu la "tunamshukuru Mungu" na mazungumzo yameishia hapo. Uliza kitu chenye mlango. Kwa mfano:

"Hiyo projekti mpya mliyoanza, ni sehemu gani inawasumbua zaidi?"
"Ungepata mtu mmoja wa kuongeza kwenye timu yako kesho, ungetaka awe anajua nini?"
"Kuna kitu umekuwa ukikitafuta muda mrefu hukipati?"

Akianza kujibu usimkatishe kwa kumwelezea shida yako inayofanana na yake. Mwache amalize, muulize swali moja la kuchimba, "ikawaje?" au "mmejaribu nini mpaka sasa?", na mkishaachana andika haraka kwenye ile safu ya tatu kabla hujasahau. Usiandike siri zake, ugonjwa wala mambo ya ndoa yake, andika ya kazi tu, maana daftari linaweza kuangukia mikono ya mtu mwingine.

Na hakuna haja ya kutoa suluhisho palepale. Watu wanaojitahidi kuonekana wa msaada wanarukia kutoa ushauri hata hawajaelewa, mwisho wanamchosha mwenzao. Ukisema "ngoja nilifikirie hili, nikipata kitu nitakutafuta", afu ukamtafuta kweli baada ya siku nne, umejijengea jina kuliko ushauri kumi wa papo kwa papo.

Hatua ya 4: Toa kitu kidogo, kinacholenga, kisicho na mtego

Linganisha meseji hizi mbili. Ya kwanza: "Habari, nimeona hii makala nikaona niwatumie wote, someni ni nzuri sana." Ya pili: "Habari za kazi dada, ulisema mnapata shida wateja kuacha fomu katikati. Hii makala ukurasa wa 4 wanaelezea walivyopunguza maswali kwenye fomu yao. Hamna haja ya kujibu, nimekukumbuka tu." Ya pili inamwambia mtu vitu vitatu, kwamba ulimsikiliza, kwamba umemsomea tayari na kumpunguzia kazi, na kwamba humdai chochote. Hayo maneno ya "hamna haja ya kujibu" yana nguvu kweli, mtu mwenye kazi nyingi anashusha pumzi akiyaona.

Mtego ni nini? Ni kutoa leo na kuomba kesho. Ukimtumia mtu kitu kizuri jumatatu afu jumatano unamwomba akupeleke kwa bosi wake, ile zawadi ya jumatatu inageuka hongo machoni pake, na kila utakachompa baadaye atakitafutia kilichojificha nyuma. Kama una jambo la kuomba, liombe waziwazi bila kulitanguliza na chambo, wenye akili wanaheshimu hilo.

Halafu mtu akifanya vizuri, msifie kwa kitu mahususi na kwa wakati. "Hongera kwa wasilisho" wameshasema wengi. "Ile namna ulivyoanza na malalamiko ya mteja kabla ya takwimu imenifanya nielewe ripoti nzima" atalikumbuka. Kama anaye bosi na haina shida, mwandikie bosi wake mistari mitatu kuhusu kazi nzuri aliyoifanya. Hii inachukua dakika chache na inaweza kumsaidia mtu siku ya kupandishwa cheo wakati wewe hata haupo.

Hatua ya 5: Unganisha watu, ila uliza pande zote kwanza

Hii ndo zawadi kubwa kuliko zote na ndo inayoharibiwa sana. Kosa la kawaida ni kutoa namba ya mtu bila kumuuliza, au kufungua grupu la WhatsApp, kuwaingiza watu wawili wasiojuana na kuandika "mtafahamiana humo". Huyo uliyetoa namba yake sasa ana mzigo ambao hakuuomba, akikataa anaonekana ana dharau, akikubali anapoteza muda wake, na yote umemsababishia wewe.

Namna nzuri ni hii. Kwanza jiulize hawa wawili kila mmoja anapata nini? Kama jibu ni la upande mmoja tu, hilo ni ombi la msaada, basi liite hivyo. Pili, mwandikie yule mwenye nafasi kubwa zaidi kwanza, faragha:

"Shikamoo mama, kuna kijana nimefanya naye kazi mwaka jana, anajua sana kuchambua data za mauzo. Anatamani kuuliza maswali mawili kuhusu namna mlivyojenga idara yenu. Ni simu ya dakika kumi na tano hivi. Ukiona haiwezekani kwa sasa niambie tu, yeye hajui kama nimekuuliza."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Inampa uhuru wa kukataa bila mtu kuumia. Akikubali, ndo unamwambia kijana, unampa muktadha, unamkumbusha asifike na sivii mkononi kama alichoomba ni maswali mawili. Tatu, watambulishe kwa ujumbe mmoja mfupi, kila mtu kwa sentensi mbili, sema kwanini umewakutanisha, sema nani aanze kuandika, afu toka. Usibaki katikati ukitaka kujua kila kinachoendelea.

Baada ya wiki mbili muulize kila mmoja peke yake ilikwendaje. Wengi hawafanyi hivi na wanakosa taarifa ya maana sana, maana hapo ndo utajua kama yule uliyemwamini alichelewa kwenye simu, au aligeuza mazungumzo kuwa ya kuuza bidhaa zake.

Kuna jambo moja la heshima ya jina lako. Tofautisha "namfahamu" na "nimefanya naye kazi". Ukimuombea mtu nafasi umeweka jina lako mezani pamoja na lake, kwahiyo sema ukweli wa unachokijua: "Sijafanya naye kazi, ila nimesoma alichoandika na ni kizuri." Mtu anayepokea mapendekezo yako kwa miaka na kukuta kila mara ulichosema ndicho alichokikuta, atakuamini hata kwa neno moja, na hapo utakuwa na uwezo wa kufungulia watu milango ambayo pesa haifungui.

Hatua ya 6: Omba pia

Kuna watu wakarimu sana ambao hawajawahi kumuomba mtu chochote, na wanadhani huo ni utu uzima. Matokeo yake ni uhusiano wa upande mmoja, yule anayepokea kila siku anajisikia mdogo na taratibu anajitenga. Mwache na yeye akufae.

Wasiwasi wa kukataliwa nao tunaukuza mno. Mwaka 2008 Francis Flynn na Vanessa Lake walichapisha utafiti ambamo watu waliambiwa wakaombe msaada kwa watu wasiowajua, lakini kwanza wakisie watalazimika kuomba wangapi ndo wapate idadi inayotakiwa. Walikisia juu sana kuliko ilivyokuja kuwa, watu walikubali kirahisi kuliko walivyotegemea. Na Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18, alikuwa na mpinzani wake kwenye bunge la Pennsylvania, badala ya kumbembeleza akamwomba amwazime kitabu adimu alichokuwa nacho, akakirudisha baada ya kama wiki moja na barua ya kumshukuru sana, na yule mtu akawa rafiki yake mpaka alipofariki. Kumwomba mtu kitu kidogo anachoweza ni kumheshimu.

Ombi zuri lina mambo manne: kwanini yeye, unataka nini hasa, litamchukua muda gani, na mlango wa kukataa. "Kaka, wewe umewahi kuhama kutoka uhasibu kwenda teknolojia, mimi nafikiria hivyo hivyo. Naomba unisomee hii aya moja ya barua yangu uniambie kama inaeleweka. Kama wiki hii imekubana hamna shida kabisa." Ombi la "naomba unisaidie kupata kazi yoyote" halijibiki, sio kwa sababu mtu ana roho mbaya, hajui tu aanzie wapi.

Na akishakusaidia rudisha mrejesho. Mwambie ulichofanya na ushauri wake na matokeo yake, hata kama matokeo ni mabaya. Wengi wanasema asante siku ya kupewa na kupotea. Wewe rudi baada ya mwezi useme "ile aya niliibadilisha kama ulivyosema, nimeitwa kwenye usaili." Huyo mtu atakusaidia tena bila hata kuombwa.

Hatua ya 7: Watu wapya

Hapa sina mengi. Ukienda kwenye kongamano usikusanye namba za watu thelathini, ongea na watatu vizuri, na ndani ya siku mbili mwandikie kila mmoja ukitaja kitu mlichoongea. Mkubwa jukwaani anazungukwa na kila mtu, nenda kaongee na aliyekaa peke yake pembeni au na waandaaji, hao wanawajua wote waliomo ukumbini na watu wanawasahau. Kujitolea kwenye maandalizi ni njia bora kuliko zote kwa mtu mwenye aibu, maana una sababu ya kuongea na kila mtu.

Hatua ya 8: Wafufue mliopotezana

Daniel Levin na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2011, waliwaambia mameneja wawatafute watu waliopotezana nao miaka na kuwaomba ushauri wa kazi, na ushauri huo ulileta mambo mapya kuliko wa watu wanaoongea nao kila siku, huku ile imani ya zamani ikiwa bado ipo. Kwahiyo kimya cha miaka hakijaua kitu. Kinachozuia ni aibu, na aibu inaondoka ukiwa mkweli: "Habari za siku nyingi ndugu yangu, nimekaa kimya muda mrefu. Leo nimepitia ripoti tuliyoiandika pamoja nikakumbuka ulivyonifundisha kupanga takwimu, mpaka leo naitumia njia ile. Unaendeleaje na uko wapi siku hizi?" Usiweke ombi humo. Kama lipo lisubiri mpaka muwe mmeongea kweli.

Hatua ya 9: Iwekee ratiba

Nusu saa kwa wiki inatosha, siku ileile, mfano ijumaa asubuhi. Fungua orodha, chagua watu watatu, mmoja mpe kitu, mmoja mshukuru au mpe mrejesho, mmoja msalimie tu. Tekeleza ahadi zilizo kwenye safu ya tano. Wiki yenye kazi nyingi fanya mtu mmoja. Kinachojenga ni kwamba haikatiki, meseji arobaini za siku moja afu kimya mwaka mzima hazimsaidii mtu.

Hatua ya 10: Weka mipaka

Ukijulikana kuwa mkarimu, watu wa kuchukua tu watakuja. Dalili zao zinajulikana: kila wakikutafuta wana shida, hawarudishi mrejesho, ukikataa mara moja wanakununia. Usigombane nao wala kuwasema, punguza tu. Wape vitu visivyokugharimu kama makala au kiungo cha tangazo, ila jina lako usiliweke tena kwa ajili yao.

Kuna wanaoomba kazi yako ya kulipwa kwa jina la urafiki, "nitengenezee tu kidogo". Amua mapema ni kiasi gani unatoa bure na useme bila kuzunguka: "Naweza kukaa na wewe nusu saa nikuonyeshe pa kuanzia. Kuijenga yote ni kazi ninayolipwa, nikutumie makadirio?" Anayekuheshimu atachagua kimojawapo.

La mwisho ni zito kidogo. Ukiwa unafanya biashara na mtu mwenye uamuzi wa zabuni, ajira au leseni, kumpa vitu, hata kwa nia safi, kunaweza kuwa rushwa kisheria na kunaweza kumpotezea kazi. Kwa mtu kama huyo toa maarifa ya wazi tu, yale ambayo ungempa hata mshindani wako, usimpe zawadi wala kumlipia safari, na akikuomba wewe, mjibu kwa maandishi: "Nakuheshimu sana, ila kwa kuwa nina maombi yaliyo mezani kwako sitaweza kufanya hivyo mpaka uamuzi utoke." Itunze nakala ya huo ujumbe.